Tumbo Lililonyamaza

Mwalimu Gwakisa alikuwa anakufa, na alikuwa anaomba chai.

"Ya maziwa, Daktari, kama ipo," alisema. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha vipimo, shati limefunguliwa, miguu inaning'inia. "Nimetoka nyumbani bila kutia kitu tumboni. Nilijua ni kupimwa tu na kurudi darasani."

Daktari Subilaga Mwambene alikuwa anampima. Viganja vyake vilikuwa juu ya tumbo la mwalimu, na tumbo lile lilikuwa gumu kama ubao. Alibonyeza chini ya mbavu za kulia, akashikilia, kisha akaachia ghafla, macho yake yakiwa usoni mwa mgonjwa. Katika vitabu alivyosomea, hapo ndipo mgonjwa hupiga ukelele. Mwalimu Gwakisa alitabasamu.

"Unanitekenya," alisema.

"Huumwi?"

"Siumwi popote. Shida yangu ni suruali. Haifungi. Wanafunzi wanasema mwalimu wa kwaya amepata mimba, ndipo mkuu wa shule akanifukuza nije kwako."

Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, aliyefundisha watoto kuimba katika shule ya chini ya mashamba ya chai, nje kidogo ya Tukuyu. Subilaga alimfahamu kwa sababu mama wa mwalimu, Bibi Ikupa, alikuwa mgonjwa wake wa muda mrefu. Leo ngozi ya mwalimu ilikuwa na jasho la baridi, midomo imekauka, na moyo unakwenda mbio kama wa mtu aliyepanda mlima. Mwili mzima ulikuwa unaomba msaada, isipokuwa mwenyewe.

"Jana ulifanya nini?"

"Nilisaidia kubeba viti vya kanisani. Mchana nikala ndizi na maharage. Jioni sikusikia hamu ya kula."

Subilaga alimwita muuguzi Faraja, wakamsimamisha mwalimu mbele ya ukuta wa picha, ule unaoonyesha mambo ya ndani ya mtu akiwa amesimama tu na nguo zake. Picha ilipotokea, Faraja aliacha kuandika. Juu ya ini, chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, palikuwa na mwezi mwandamo mwembamba, mweusi. Ile ilikuwa hewa. Hewa haina njia ya kufika pale ila kwa tundu.

"Mashine imeharibika," Faraja alinong'ona. "Mtu aliyetoboka tumbo hawezi kusimama."

Subilaga akarudia picha. Mwezi ulikuwa palepale, na mwalimu alikuwa anapiga mluzi wa wimbo wa kwaya huku akijifunga vifungo vya shati.

Walimpasua kabla ya adhuhuri. Subilaga alikuwa amefungua matumbo ya watu maisha yake yote ya kazi, lakini alipofika ndani alisimama, kisu mkononi, akasahau hatua inayofuata. Ukuta wa tumbo la chakula ulikuwa umetafunwa hadi ukapenya, tundu la kupitisha kidole gumba. Maharage yalikuwa yanaelea katikati ya utumbo, ndani ya usaha. Kingo za tundu zilikuwa ngumu na nyeupe. Kidonda kile kilikuwa cha miezi mingi.

"Hiki ni nini, Daktari?" Faraja aliuliza.

"Kidonda cha tumbo."

"Lakini hivyo si viliisha?"

Faraja alikuwa muuguzi mzuri, mwenye watoto wakubwa, na alikuwa hajawahi kuona kidonda cha tumbo. Hakuwa na lawama. Kila mtoto wa nchi hii, anapoanza shule, hupewa kijiko kimoja cha Poza, dawa iliyo hai, yenye vijidudu vinavyojikita tumboni na kukaa humo mpaka mtu anapokufa. Tindikali ikizidi, vijidudu vinaipunguza. Watu walisahau gesi, walisahau kucheua maji machungu, walisahau vile vidonge vyeupe vya kutafuna vilivyokuwa kwenye kila mkoba wa mama mtu mzima. Siku moja Subilaga alitaja neno kiungulia mbele ya wauguzi, wakadhani ni jina la mboga.

Alimsafisha mwalimu, akalishona tundu. Mwalimu aliamka jioni, akauliza kama sasa suruali itafunga. Alikuwa bado anangoja jibu pale moyo wake uliposimama.

*

Mkewe, Sekela, alikuwa kwenye benchi la ukumbini, na mfuko wa nguo safi mapajani. Pembeni yake alikaa Bibi Ikupa, mama wa mwalimu, amejifunga kitenge mpaka kidevuni kwa sababu ya baridi. Subilaga alikaa chini mbele yao badala ya kusimama, na kwa kukaa kule wakajua.

Sekela hakulia mara moja. Aliufungua mfuko, akalitazama shati alilokuja nalo, akaufunga.

"Aliumwa lini?" aliuliza.

"Muda mrefu, dada yangu. Miezi."

"Hakuumwa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesahihisha kosa dogo. "Asubuhi amepasua kuni. Amembeba mtoto mgongoni mpaka barabarani. Daktari, mimi nalala naye kitanda kimoja. Ningejua."

"Yeye mwenyewe hakujua. Hakusikia maumivu."

"Mtu anaozaje tumboni asisikie?"

Subilaga aliinamisha macho kwa aibu. Bibi Ikupa alikuwa anamtazama bila kupepesa macho. Yule bibi alikuwa na saratani ya tumbo. Waliigundua kwa bahati tu, alipomeza kamera ya uchunguzi kwa jambo jingine, nayo ilikuwa imekwisha kuenea kiasi kwamba kisu kisingesaidia. Lakini alikuwa analima, anapika, anacheka, na mara nyingi Subilaga alikuwa amemwambia: tuishukuru Poza, mama, zamani ugonjwa huu ulikuwa unamliza mtu usiku na mchana.

"Kwa hiyo la kwangu nalo," Bibi Ikupa alisema, mkono wake ukiwa ndani ya kitenge, juu ya tumbo, "halijapona popote. Limenyamaza tu."

*

Profesa Ezekia Lwitiko alikuja mwenyewe. Subilaga alikuwa amepeleka kipande cha tumbo la mwalimu kwenye kituo chake, kule Mbeya, pamoja na maneno machache, akitarajia majibu kwa njia ya kawaida. Kesho yake asubuhi profesa alishuka kwenye gari la waya linalovuka milima, koti limelowa mvua, kisanduku cha chuma mkononi. Alikuwa amezeeka. Ndiye aliyemfundisha Subilaga upasuaji wa njia ya chakula, na ndiye aliyeitengeneza Poza.

"Funga mlango," alisema.

Akaeleza akiwa amesimama dirishani, akiangalia mvua badala ya kumwangalia yeye. Kwenye ukuta wa tumbo kuna pampu ndogo zisizohesabika zinazomwaga tindikali. Dawa za zamani zilikuwa za namna mbili: za kuipunguza makali tindikali ikishatoka, kama vidonge vya kutafuna, na za kuzifunga pampu zenyewe. Zote zilitaka mtu azimeze kila siku, na watu hawawezi kumeza dawa kila siku. Wanasahau, wanauziwa za bandia, wanakatisha wakipata nafuu. Ndipo akabuni vijidudu vinavyokaa palepale na kuzifunga pampu pale tu inapobidi.

"Lakini kijidudu utakijulishaje kwamba kimefanya kazi vizuri?" alisema. "Hakina macho. Nikakipa ulimi. Mshipa wa fahamu ukiumwa, unavuja kitu fulani. Vijidudu vyangu vinakionja kile kitu. Kikipungua, vinashiba na kuzaana. Kikiongezeka, vinakufa njaa. Niliona ni akili kubwa wakati ule."

Subilaga alimsogelea.

"Ulivilipa kwa kuondoa maumivu," alisema. "Hukuvilipa kwa kuondoa ugonjwa."

"Ndiyo."

"Na kuna njia rahisi zaidi ya kuondoa maumivu."

"Kuunyamazisha mshipa." Profesa aligeuka. "Vilivyojifunza kufanya hivyo vilishiba haraka zaidi. Vikazaana zaidi. Vile vinavyofunga pampu, vile nilivyovitengeneza mimi, vikashindwa na kufa. Kwenye hicho kipande ulichoniletea hakuna hata kimoja kinachofunga pampu. Tindikali inamwagika kama ilivyokuwa inamwagika kwa babu zetu. Na ganzi vinayoitoa inapita kwenye damu, inakamata kuanzia kifuani mpaka kitovuni."

"Kipimo cha pumzi je? Tunawapima watu kila mwaka."

"Kinapima kama vijidudu vipo. Vipo. Hakipimi kama vinafanya kazi."

Subilaga alikaa. Aliwafikiria watu wote aliowapulizisha kipimo, kikageuka buluu, akawapiga begani na kuwaambia waende zao salama. Jambo moja tu lilimpa pumzi. Yeye mwenyewe hakuwa na Poza. Alipopewa utotoni mwili wake uliikataa, akavimba uso, akawekwa katika wale wachache wanaosamehewa. Angalau tumbo lake lilikuwa lake.

Profesa alikuwa amefungua kisanduku. Alitoa kipimo cha pumzi, akakisukuma mezani bila kusema neno.

"Mimi nilisamehewa," Subilaga alisema.

"Puliza."

Akapuliza. Karatasi ilikaa nyeupe kwa muda, mpaka akaanza kujicheka kwa hofu yake. Kisha buluu ikaingia kutoka pembeni, taratibu, ikajaa.

"Vinahama," Profesa Lwitiko alisema. "Kwa mate, kwa mikono, kwa sahani moja. Hakuna tena aliyesamehewa."

Subilaga alimeza kamera siku ileile, hapohapo ofisini, kwa maji ya uvuguvugu, na wote wawili wakaangalia kwenye kioo. Kilionekana baada ya kona ya kwanza: kidonda chenye umbo la jani, chekundu katikati, kingo zimevimba. Subilaga alikiangalia kama anavyoangalia vidonda vya watu. Alibonyeza tumbo lake kwa vidole viwili, pale hasa kilipokuwa, akabonyeza kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama. Hakusikia kitu. Aliwahi kuogopa mambo mengi maishani, lakini hakuwahi kuogopa ukimya.

Profesa akatoa kichupa kutoka kwenye kisanduku. Ndani palikuwa na maji ya rangi ya uji mwembamba.

"Hii naiita Mwamsho. Nayo ni hai. Inavila vijidudu vya Poza, kisha inakaa mahali pake na kuzuia visirudi. Inahama vilevile, kwa sahani, kwa mikono. Akiinywa mtu mmoja anayekula na watu wengi, itafika nchi nzima."

"Na maumivu?"

"Yatarudi kwa kila mtu kama yanavyomstahili."

Subilaga alikiangalia kichupa, na wazo jingine likamjia, baya kuliko yale mengine.

"Profesa, hii haikutengenezwa usiku wa jana."

Mzee alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Hapana," alisema.

"Ulijua."

"Nilishuku. Kisha nikajua. Nilikuwa natafuta namna ya kuifanya bila kuwatia watu kiwewe. Hakuna viwanda vya vidonge tena, Subilaga. Hakuna akiba. Tukitangaza, watakimbilia hospitali zisizo na dawa, na wengi watakataa Mwamsho kwa sababu leo hawaumwi. Nani atakubali kunywa maumivu?" Akausogeza mkono wake juu ya meza. "Kesho kuna mazishi ya mwalimu. Watakuja watu wa vijiji vyote hivi, watakula pamoja. Kunywa wewe, kula nao, rudi nyumbani. Hakuna atakayejua ilianzia wapi."

"Hivyo hivyo ndivyo walivyopata hii ya kwanza. Bila kuulizwa."

"Safari hii tunawaokoa."

"Na safari ile ulisema nini?"

Profesa alikifunga kisanduku. Subilaga alikichukua kichupa, akakitia mfukoni mwa koti lake jeupe, na hakumwambia atakifanyia nini, kwa sababu hakujua.

*

Mvua ilikatika asubuhi ya mazishi. Walimzika mwalimu nyuma ya nyumba, kando ya migomba, na watoto wa shule wakaimba bila kiongozi, kila sauti ikianza kwa wakati wake. Baadaye watu wakarudi uani. Wanaume walikaa kwenye viti na magogo, wanawake wakajaa kwenye mikeka na majani ya migomba mbele ya nyumba. Masufuria ya ndizi na nyama yalikuwa yameshaepuliwa, na harufu yake ilikuwa imetanda. Profesa Lwitiko alisimama karibu na lango, kofia mkononi. Mara mbili alimtafuta Subilaga kwa macho, kisha akayatupia masufuria jicho.

Baba mdogo wa marehemu, Mzee Lusekelo, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Alisoma maisha ya mwalimu, alikozaliwa, alikosoma, alivyoanzisha kwaya. Kisha akasema, kama inavyosemwa misibani, kwamba daktari yupo na atawaambia ndugu yao aliugua nini, ili pasiwe na maneno ya pembeni.

Subilaga alisimama. Alikuwa amejiandaa kusema maneno mawili na kukaa. Aliona sura zile, za watu walioshiba usingizi, watu wasioumwa, akamwona mwanamke mmoja amempakata mtoto na kumpa kipande cha ndizi alichokitafuna kwanza mwenyewe. Akasema yote.

Aliyasema kwa lugha nyepesi, bila kuyapamba. Kwamba Poza imeacha kutibu na imebaki kuziba masikio, watu wasisikie maumivu. Kwamba kila aliyepo hapo anayo, hata ambaye hakupewa, na yeye daktari anayo, na ana kidonda alichokiona jana kwa macho yake. Kwamba ipo dawa ya kuiondoa, ipo mfukoni mwake, na akiinywa mmoja, wengine wataipata wapende wasipende, na maumivu yatarudi.

Watu walianza kujigusa. Mkono mmoja, kisha mwingine, uani kote, watu wazima wakijibonyeza matumbo kama wanaotafuta kitu kilichopotea, wakibonyeza zaidi, wakitazamana.

"Sisikii," mwanamke mwenye mtoto alisema. "Nabonyeza na sisikii. Nyie mnasikia?" Akamgeuza mtoto, akambonyeza tumbo. Mtoto akacheka. Mwanamke akamkumbatia kwa nguvu.

"Daktari." Mzee Lusekelo alikuwa hajakaa. Alisema polepole, kwa heshima iliyokuwa inamtoka kwa shida. "Tumekuita utuambie kilichomuua mtoto wetu. Wewe umekuja na kingine mfukoni ututilie kwenye chakula?"

"Ningetaka kuwatilia, nisingesimama, mzee."

"Kwa nini usikirudishe kilikotoka?"

"Naweza. Nikikirudisha, mtakaa kama mlivyo. Nitakuwa nawapasua mmoja mmoja, mkiwa mmechelewa, kama nilivyompasua yeye."

"Na ukikitoa, wapo watakaolia mpaka wafe."

"Wapo," Subilaga alisema.

Hapo ndipo maneno yalipolipuka. Wengine walisema serikali iulizwe. Wengine walisema wazee wakae. Mtu mmoja alisema hana ugonjwa na hatakubali kuumwa kwa ajili ya wenye vidonda, na mwenzake akamuuliza amejuaje kama hana. Katikati ya kelele zile Sekela aliinuka kwenye mkeka wa wafiwa. Watu wakanyamaza kumpisha, maana mfiwa hasukumwi. Alikuja mpaka mbele ya Subilaga, uso umevimba, akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Sekela, sikiliza. Si kwako tu. Ukinywa, umewaamulia hawa wote."

"Nimesikia. Sitaki kumzika mtoto wangu bila kujua anaumwa nini." Mkono haukushuka. "Kama hutaki kunipa, kwa nini ulikileta?"

Swali lile halikuwa na mahali pa kujificha. Subilaga alimtazama Profesa Lwitiko, aliyekuwa ameuma midomo. Alimtazama Mzee Lusekelo, anayetikisa kichwa. Alijua kwamba kumpa ni kuwaamulia watu wasiokubali, na kutompa ni kuwaamulia vilevile, na kwamba hapakuwa na daktari mwingine wa kumwachia uamuzi huo. Akakitoa kichupa, akakitia kiganjani mwa Sekela.

Sekela akanywa mpaka tone la mwisho. Akafuta mdomo kwa ukingo wa kanga, akarudi mkekani.

Wanawake waliokuwa wamekaa naye walisogea. Hawakumtukana. Walijikusanya tu, mmoja anajifanya kutafuta kandambili, mwingine anamwita mtoto, mpaka mkeka ukabaki na mtu mmoja. Sahani ya wafiwa ililetwa ikawekwa mbele yake, na aliyeileta akaondoka haraka. Sekela aliiangalia ndizi inavyotoa mvuke. Hakuigusa.

Bibi Ikupa alitoka ndani ya nyumba. Aliomba maji, akanawishwa, akaja na kujishusha mkekani kwa kushika bega la mkamwana wake. Subilaga alifika hapo kabla bibi hajauingiza mkono kwenye sahani.

"Mama, wewe usile naye," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unajua lililomo tumboni mwako. Yakirudi, kwako hayatakuwa madogo."

"Dawa ya maumivu haipo?"

"Morfini ipo. Haitayamaliza yote."

"Utaniletea hiyohiyo."

"Unaweza kwenda kukaa na binti yako kule Kyela. Kwa muda."

Bibi Ikupa alimtazama kama amesema jambo la kitoto. "Tangu huyu aolewe, kila jioni nakula naye sahani moja. Sasa nihame, nikale na nani? Nimetoka kumzika mume wake. Siwezi kumwogopa na yeye."

Akamega ndizi, akachovya kwenye mchuzi, akala. Sekela aliishika sahani ili aivute pembeni, lakini bibi naye alikuwa ameishika, na mwisho Sekela akaiachia, akaanza kulia kwa sauti kubwa, kilio chake cha kwanza tangu hospitali.

Kwenye lango watu walikuwa wanaondoka, wengine karibu wanakimbia, watoto wamebebwa. Wengine walisimama tu, hawakai na hawaendi. Subilaga alikunja mikono ya koti lake na kuomba maji ya kunawa, ale nao.

*

Kwake maumivu yalikuja asubuhi, siku chache baadaye, akiwa anapiga mswaki. Kwanza joto chini ya mfupa wa kifua, kama amemeza chai ya moto. Kisha moto wenyewe, uliomkunja mpaka paji la uso likagusa sinki. Alikaa sakafuni akipumua kwa vipande. Alikuwa mpasuaji wa matumbo, na hakuwa anajua kwamba tumbo linauma hivi.

Simu ilikuwa inalia. Faraja alisema lango la hospitali limejaa watu, wameinama, wengine wanamtukana kwa jina. Chokaa laini ya kufanyia vile vidonge vya zamani vya kutafuna imepatikana kidogo, maziwa yamekwisha.

"Anza na wenye homa na matumbo magumu," Subilaga alisema. "Nakuja. Kuna mahali napita kwanza."

Alipanda kwa Bibi Ikupa akiwa amejishika ubavu, chupa ya morfini kwenye mkoba. Njia nzima alikuwa anafikiria atakachomkuta, yule bibi aliyekula mbele ya kijiji kizima bila mkono kutetemeka. Alimkuta amejikunja kitandani, magoti kifuani, rangi ya majivu. Shuka alikuwa ameliuma kwa meno. Sekela alikuwa amepiga magoti pembeni, mkono mmoja kwenye mgongo wa mkwewe, mwingine juu ya tumbo lake mwenyewe.

Bibi Ikupa aliliachia shuka alipomwona daktari.

"Nilisema maneno makubwa siku ile," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Sikujua. Nipe dawa, mwanangu. Nipe haraka."

Subilaga akampa. Dawa ilichukua muda wake. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwachia bibi mkono wake aubane anavyotaka, naye akaubana mpaka mifupa ikagongana, na Subilaga hakuutoa. Dirishani walisikia jirani akiguna kwa maumivu, na ng'ambo ya migomba mwingine. Vidole vya bibi vilipoanza kulegea, Subilaga alimgeukia Sekela.

"Wewe panapouma ni wapi?"

Sekela alionyesha kwa kidole kimoja, mahali hasa.

"Lala hapo," Subilaga alisema. "Nikupime."